Waliojikinga na Theluji: Ni Baridi au Ni Hewa Iliyowaua?

Mtaa wa Mayfair, ulio upande wa magharibi wa kitovu cha jiji la Johannesburg, haujulikani kwa theluji. Unajulikana kwa migahawa yake ya Kisomali, kwa maduka yanayochelewa kufungwa, na kwa lugha nyingi zinazosikika humo, Kiswahili kikiwamo. Hicho huzungumzwa na Wakenya na Watanzania, na vilevile na Wasomali waliokulia Nairobi au Mombasa kabla ya kuhamia kusini. Lakini Johannesburg imejengwa juu ya uwanda ulio zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai, jua likishatua, joto hushuka hadi karibu na nyuzi sifuri, na nyumba nyingi za Mayfair ni za zamani, zenye mapaa ya bati na vyumba vilivyogawanywa ili kupangishwa watu wengi. Theluji yenyewe ni nadra. Iliwashangaza wakazi wa jiji mwezi Agosti mwaka 2012, ikawashangaza tena Julai mwaka 2023.

Katika Mayfair na mtaa jirani wa Fordsburg wanaishi pia Wapakistani wengi, na kwao jina la Murree si geni. Murree ni mji wa mapumziko ulio milimani, kaskazini-mashariki ya Islamabad, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000. Kila majira ya baridi watu wa bondeni hupanda huko na familia zao kutazama theluji. Mwanzoni mwa Januari mwaka 2022 walipanda kwa makumi ya maelfu ya magari. Usiku wa tarehe 7 kuamkia tarehe 8 theluji ilianguka kwa wingi usio wa kawaida, ikapita kimo cha mita moja. Miti ikakatika na kuziba njia, na msururu wa magari ukasimama pale pale ulipokuwa. Waliokuwamo wakafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: wakapandisha vioo, wakaacha injini zikinguruma ili hita zifanye kazi, wakasubiri kupambazuke.

Watu wasiopungua 22 hawakuamka. Kumi kati yao walikuwa watoto. Afisa mmoja wa polisi alikutwa amekufa ndani ya gari pamoja na jamaa zake.

Taarifa za mwanzo zilisema kuwa wameuawa na baridi. Haikupita muda, taarifa nyingine zikaanza kusema kuwa wengi wao hawakugandishwa na baridi hata kidogo, bali walivuta gesi ya kaboni monoksaidi iliyotoka katika injini za magari yao wenyewe. Theluji ilikuwa imefukia mabomba ya moshi, na gesi, kwa kukosa pa kutokea, ikarudi chini ya sakafu na kupenya ndani walimokuwa wamelala.

Tofauti ya maelezo hayo mawili si jambo dogo. Ikisemwa kuwa ni baridi, basi lawama huenda mbinguni, na watu huinamisha vichwa na kumshukuru Mungu kwa kila hali. Ikisemwa kuwa ni gesi, maswali huanza hapo hapo. Kwa nini watu hawakuonywa wazime injini au wafungue kioo kidogo? Kwa nini njia haikufungwa mapema? Mitambo ya kuondoa theluji ilikuwa wapi? Huko Pakistani uchunguzi wa serikali ulifuata na maafisa kadhaa walisimamishwa kazi. Kila nadharia ya kifo ina mshtakiwa wake, na pengine ndiyo sababu watu huzishikilia nadharia hizo kwa ukali kiasi hiki.

Gari lililofukiwa na theluji halitofautiani sana na pango la theluji ambalo wapanda milima huchimba wanapozidiwa na dhoruba. Pango la aina hiyo limewaokoa watu wengi. Theluji, ingawa ni baridi kuigusa, hushika hewa ndani yake kama blanketi la sufu. Nje upepo unaweza kuvuma kwenye nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, huku ndani ya pango joto likibaki karibu na sifuri yenyewe. Mtu aliyevaa vizuri na aliye mkavu anaweza kuishi humo siku nyingi. Hata hivyo pango hilo hilo lina madhara yake. Joto la pumzi huyeyusha uso wa kuta, kisha uso huo huganda na kuwa barafu laini isiyopitisha hewa. Theluji mpya huziba mlango. Hewa ya ukaa wanayoitoa waliomo hubaki humo humo, na oksijeni hupungua kidogo kidogo bila mtu kuhisi kama anakabwa.

Kisa kinachotajwa mara nyingi katika mjadala huu ni cha Mlima Hood, katika jimbo la Oregon, Marekani. Tarehe 12 Mei mwaka 1986 kundi la wanafunzi wa shule ya Oregon Episcopal ya mjini Portland lilianza kuupanda mlima huo usiku wa manane, likiwa na watu wazima kadhaa. Baadhi yao walirudi mapema kwa uchovu au maradhi. Watu 13 waliendelea, dhoruba ikawakuta karibu na kilele, wakageuka, wakapotea njia. Wakachimba pango. Lilikuwa dogo mno kwa watu 13, wakawa wanabanana ndani na kupokezana zamu ya kukaa nje penye upepo. Asubuhi ya pili wawili walishuka kutafuta msaada, wakafanikiwa kufika chini. Watatu walipatikana nje juu ya theluji, na maisha yao hayakuokolewa. Wanane waliobaki walipatikana tarehe 15 Mei, mlango wa pango ukiwa umefukiwa kabisa, baada ya waokoaji kuichomachoma theluji kwa fito ndefu. Kati ya wanane hao, wawili walipona. Jumla ya waliokufa ikawa 9.

Hapa madaktari walitaja kushuka kwa joto la mwili kuwa ndiyo sababu, na hapana shaka baridi ilikuwapo. Lakini mtu akiutazama mkasa ule kwa utulivu huona jinsi neno baridi linavyoficha mambo mengine. Watu wanane waliobanana ndani ya tundu lililozibwa huvuta hewa ile ile. Nguo zao zililowa kwa joto la miili na theluji iliyoyeyuka, na mtu aliyelowa hupoteza joto haraka kuliko mkavu. Zamu za kukaa nje ziliwamaliza waliokuwa na nguvu. Zaidi ya hayo yote kulikuwa na uamuzi wa kuendelea kupanda wakati dalili za dhoruba zilikwisha kuonekana. Wazazi wa mmoja wa wanafunzi waliofariki walilipeleka suala hilo mahakamani, na mwaka 1990 jopo la raia wanaosikiliza kesi liliona kuwa shule ilifanya uzembe. Kwa maneno mengine, madaktari walisema baridi, mahakama ikasema watu. Wote wawili huenda walikuwa sahihi.

Ni vyema kueleza baridi inavyoua, kwa kuwa haiui kama wengi wanavyodhani. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, ulimi huwa mzito, miguu hukosa mwelekeo. Likizidi kushuka, kutetemeka hukoma, na hiyo ndiyo dalili mbaya zaidi, ingawa mgonjwa mwenyewe huona kama amepata nafuu. Wengine huhisi joto la ghafla na kuvua nguo zao zote katikati ya theluji. Wengine hujisukuma mvunguni au katika mwanya mwembamba kama mnyama anayetafuta shimo. Waokoaji wasioujua ukweli huu wamewahi kudhani kuwa maiti ya namna hiyo ni ya mtu aliyeporwa au aliyeshambuliwa. Na mara nyingine huyo anayedhaniwa kuwa maiti si maiti. Mwaka 1999, kaskazini ya Norway, daktari mmoja mwanamke alinaswa chini ya barafu ya mto hadi joto la mwili wake likafikia nyuzi 13.7, moyo ukiwa umesimama, na bado alirudishiwa uhai hospitalini.

Kaboni monoksaidi nayo hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ikiingia mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu, mahali ambapo oksijeni ingepaswa kukaa, tena hushikamana kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea. Miguu humwishia nguvu kabla akili haijatambua kuwa kuna hatari, kwa hiyo hata yule anayezinduka na kutaka kuufikia mlango mara nyingi huanguka njiani. Anayeitazama hali hiyo kwa mbali huweza kuifananisha na baridi, au na ulevi.

Mfano wa mtu aliyeyapitia hayo na kuyasimulia ni amiri wa jeshi la majini la Marekani, Richard Byrd. Mwaka 1934 alikaa peke yake katika kibanda kilichozikwa ndani ya theluji ya bara la Antaktika ili kupima hali ya hewa katika usiku mrefu wa huko. Jiko lake na injini ya kuzalisha umeme vilikuwa na mabomba yasiyotoa moshi vizuri. Kuanzia mwisho wa mwezi Mei alikuwa akizidi kudhoofika, huku akichagua kila siku kati ya kuwasha jiko na kusumika, au kulizima na kuganda. Hakutaka wenzake wahatarishe maisha kumfuata gizani, hivyo katika mawasiliano ya redio hakueleza yaliyompata. Wenzake walio kambini walitambua kutokana na ujumbe wake uliovurugika kuwa kuna jambo, wakamfikia mwezi Agosti, akiwa hai lakini hoi. Kabla yake, mwaka 1912, watu 6 wa msafara wa Kapteni Scott walilazimika kukaa majira yote ya baridi ndani ya pango walilolichimba katika theluji, wakipikia mafuta ya sili. Siku moja theluji iliziba mlango, na taa zao zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine. Taa ndizo zilizowaambia, nao wakachimba njia ya kutokea. Wote sita walirudi salama.

Lakini pale ambapo hakubaki hata mmoja wa kusimulia, nadharia huzaana. Hakuna mfano ulio wazi kuliko wa Waswidi watatu, Andrée, Strindberg na Frænkel, walioruka kutoka visiwa vya Svalbard kwa puto tarehe 11 Julai mwaka 1897 wakikusudia kuipita Ncha ya Kaskazini. Puto lilianguka juu ya barafu baada ya siku tatu tu. Walitembea kwa wiki nyingi, wakila nyama ya dubu. Wakajijengea nyumba ya theluji juu ya siwa la barafu lililokuwa likielea, nalo likapasuka chini ya nyumba hiyo mwanzoni mwa Oktoba. Tarehe 5 Oktoba wakatua kwenye kisiwa cha Kvitøya, na baada ya hapo shajara zao zikanyamaza. Mifupa yao iligunduliwa mwezi Agosti mwaka 1930, miaka 33 baadaye, pamoja na shajara, picha ambazo bado ziliweza kusafishwa, chakula, risasi na mafuta. Walikuwa na vitu vingi vya kuwawezesha kuishi, lakini hawakuishi.

Mpelelezi Vilhjalmur Stefansson, aliyekuwa ameishi miaka mingi katika nyumba za theluji za Wainuiti, aliamini kuwa jiko la mafuta ya taa liliwasumisha ndani ya hema lililofukiwa. Waliompinga walionyesha kuwa jiko hilo lilikutwa na mafuta ndani ya tangi, na jiko lililoachwa likiwaka lingeyamaliza. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Denmark alitoa hoja ya minyoo iliyomo katika nyama ya dubu isiyoiva. Wengine wamesema sumu ya chakula cha makopo, wengine madini ya risasi, wengine ini la dubu, wengine baridi na uchovu na kukata tamaa tu. Mwandishi wa Kiswidi Bea Uusma, ambaye pia ni daktari, alitumia miaka mingi kufuatilia kisa hicho na kuandika juu yake mwaka 2013. Yeye anaamini kuwa dubu mwenyewe alihusika, na kwamba dawa ya mofini ilihusika pia. Mjadala huo ungekuwa mfupi zaidi kama miili ingechunguzwa kikamilifu mwaka ule wa 1930. Badala yake ilipokewa Stockholm kwa heshima kubwa ya kitaifa, kisha ikachomwa moto, majivu yakazikwa. Heshima ilitangulia, uchunguzi ukakosa nafasi.

Hapo ndipo kisa cha barafuni kinapoirudia Johannesburg. Katika mitaa ya jiji hilo, kila majira ya baridi, watu huwasha makaa ndani ya debe lililotobolewa matundu, ambalo wenyeji huliita imbawula. Hulianzisha nje, na moshi ukishakwisha na makaa yakawa mekundu, hulibeba na kuliingiza chumbani, wakaziba nyufa za mlango kwa nguo kuukuu. Hukosea kudhani kuwa moshi ukiisha, hatari nayo imekwisha. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayoendelea kumwaga kaboni monoksaidi katika chumba kilichofungwa. Idara ya zimamoto na uokoaji ya jiji hurudia onyo lile lile mwaka hadi mwaka. Wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, ambao jiko la mkaa wamelijua tangu utotoni katika nyumba zenye madirisha wazi na upepo wa kupita, huenda ndio wasiolishuku kabisa.

Wasafiri nao hawajanusurika. Mwezi Septemba mwaka 2024 theluji nzito iliifunga barabara kuu ya N3, inayounganisha Johannesburg na bandari ya Durban, karibu na mlima wa Van Reenen. Hiyo ndiyo njia ya bidhaa zinazouzwa katika maduka mengi ya Mayfair. Mamia ya magari yalikwama usiku kucha, na angalau mwanamke mmoja alifariki, ikaripotiwa kuwa alizidiwa na baridi. Dereva aliyekwama katika hali hiyo anashauriwa kuwasha injini kwa muda mfupi tu baada ya kuondoa theluji kwenye bomba la moshi, na kuacha kioo cha upande usio na upepo wazi kidogo. Ushauri kwa aliyemo ndani ya pango la theluji haupishani na huo: atoboe tundu la ukubwa wa ngumi darini, na achomeke fimbo humo ili kila baada ya muda alizibue.

Na ikiwa mtu amekwisha kufa, je, ukweli unaweza kupatikana? Unaweza, ila si kwa macho. Aliyekufa kwa kaboni monoksaidi huwa na madoa ya rangi nyekundu ya kung'aa mwilini, na madaktari wa zamani waliitegemea ishara hiyo. Lakini aliyekufa kwa baridi naye hutokea kuwa na rangi inayokaribiana na hiyo. Majirani wanaovunja mlango asubuhi, hali kadhalika, hufungua madirisha na kutoa jiko nje, nao kwa kufanya hivyo, ambalo ni jambo la lazima kwa usalama wao, huondoa ushahidi wote uliokuwa hewani. Kinachobaki ni damu. Gesi hiyo iliyoshikamana na damu ya maiti haiondoki upesi, na kipimo cha maabara huonyesha kiasi chake siku nyingi baadaye.

Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1959 kuhusu uchunguzi wa vifo inataka kila kifo kisicho cha kawaida kichunguzwe na polisi na daktari kabla ya mazishi. Kwa Waislamu wa Mayfair, ambao huona ni wajibu kumzika maiti haraka iwezekanavyo, kungoja chumba cha maiti cha serikali ni mtihani mkubwa, na zipo familia zinazoona ni nafuu kusema kuwa marehemu alikuwa na kifua, au kwamba baridi ilimzidi, ili mwili uachiliwe siku hiyo hiyo. Haja yao inaeleweka. Lakini mpangaji wa chumba cha pili bado ana jiko lake, na usiku unaofuata atalibeba ndani. Kwa kipimo cha kaboni monoksaidi chenyewe mwili hauhitaji kupasuliwa: damu inayotakiwa ni mililita chache, nayo hutolewa kwa sindano.